UZI: Shujaa Okonkwo anaenda kwa tivi, ombi langu ni moja tu, mzungu asitokee mapema

Ja_Dunga (Kisumu)

Wasee wa kusoma vitabu mko wapi. Leo sina habari ya siasa wala bei ya unga, nataka tuongee Okonkwo. Kama ulikuwa umelala, Septemba 2024 ilitoka habari kwamba kampuni ya A24 ya Marekani inaandaa siriz ya tivi ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ile wengine wetu tulikutana nayo kwanza kwa Kiswahili ikiitwa Shujaa Okonkwo, na Idris Elba ndiye Okonkwo mwenyewe na pia ni mmoja wa maprodyusa pamoja na David Oyelowo, yule aliyecheza Martin Luther King kwa Selma. Tangu hiyo siku nimerudi kwa kitabu na watu wa nyumbani wameshachoka kunisikia.

Najua wengi mtakimbilia kubishana kama Idris anafaa ama hafai, hiyo tutafika tu. Mimi shida yangu ni ingine kabisa. Naogopa watamleta mzungu mapema.

Hebu chukua kitabu uhesabu. Kina sura 25. Sehemu ya kwanza peke yake ni sura 13, na kwa hizo zote hakuna mzungu anaonekana, ni ule utani tu wa Obierika, rafiki ya Okonkwo, na wageni wake ati wanasikia kuna watu weupe kama chaki, wanacheka, wanaendelea na mambo ya mahari. Habari ya Abame, kijiji kilichomalizwa na wazungu, inafika sura ya 15. Wamishenari wanaingia Mbanta, kijiji cha kina mamake Okonkwo, sura ya 16. Yaani zaidi ya nusu ya kitabu ni kijiji tu na watu wake, wanalima viazi vikuu, wanaoa, wanapigana mieleka, wanazika, wanaonea wengine, wanapendana. Sasa wewe fikiria mtu wa tivi amekaa na skripti mbele yake, anajua mtazamaji asiposhikwa dakika kumi za kwanza anabadilisha chaneli, unadhani atavumilia sura 13 za viazi? Ataanza na DC, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni, juu ya farasi, moshi nyuma yake, kijiji kinaungua, halafu maandishi ati "miaka kumi kabla". Nawaambia.

Na si ati natunga. Angalia Shaka Zulu ya 1986, tuliyokuwa tunatazama kwa kanda tukigombania nafasi sakafuni. Hadithi ya Shaka mwenyewe unaipata kupitia kwa Fynn, daktari mzungu, na kabla hujamjua Shaka umeshajua shida za wazungu wa Cape. Angalia Roots ya 1977, kapteni wa meli ya watumwa walimpa nafasi kubwa na dhamiri inamsumbua, ili mzungu anayetazama nyumbani Marekani apate mtu wa kushikilia. Hizo ni kazi nzuri na nilizipenda, lakini ona vile mlango umewekwa.

Sasa kwa nini naona ile polepole ya kijiji ndiyo kitu yenyewe. Anza na baba yake, Unoka. Watu wa filamu wataona hapa kuna mzee mvivu wa filimbi, wampe dakika mbili afe. Kumbe huyo ndiye chanzo. Kumbukeni ile siku jirani yake Okoye anakuja kudai kauri zake 200, zile kombe walizotumia kama pesa. Amekuja kwa adabu, kola, ile kokwa ya kukaribisha mgeni, imevunjwa, amezunguka na methali mpaka akafika pale alikuwa anataka kufika. Unoka anacheka. Anacheka mpaka machozi yanamtoka, halafu anamwonyesha ukuta. Ukutani kuna mistari ya chaki, mafungu matano, kila fungu ni mtu anayemdai na kila mstari ni kauri 100. Anamwambia ona yule pale, ananidai elfu nzima na hajakuja kuniamsha asubuhi, wewe nitakulipa lakini si leo, lazima nianze na madeni makubwa. Okoye anakunja ngozi yake ya mbuzi anaenda zake.

Inachekesha vibaya sana. Lakini kuna mtoto alikuwa anakua kwa hiyo nyumba akiona huo ukuta kila siku, akisikia wenzake wanamwita babake mwanamke. Huyo mtoto atakua akiogopa kitu kimoja tu duniani. Toa ukuta wa chaki na Okonkwo anabaki tu mwanaume mkali wa bure anayepiga mabibi, na mtazamaji atamchukia kwa epi ya kwanza halafu mzungu akija atasema afadhali.

Ndio maana nasema, kama sizoni ni ya epi 8, mzungu asionekane hata kisigino kabla ya epi ya 5. Nimemaliza, karibuni mnichape.

Mtaa_wa_Kaptembwo (Nakuru)

Buda umeandika mrefu kama fomu ya mkopo, lakini sawa. Mimi nauliza tu, Idris ni Mnaija tangu lini? Babake wa Sierra Leone, mamake wa Ghana, yeye amezaliwa London. Okonkwo ni Muigbo wa Muigbo. Kwani Waigbo wameisha? Kuna Chiwetel Ejiofor, kuna Nonso Anozie ana mwili wa kuangusha ng'ombe, hao wazazi wao ni Waigbo. Na umri je? Idris alizaliwa 1972, atamwangushaje yule bingwa wa mieleka Amalinze Paka na hiyo ndevu ya mvi?

Nyar_Yala

@Mtaa_wa_Kaptembwo ile mieleka na Amalinze Okonkwo alikuwa na miaka 18 hivi. Kitabu kinakuambia hapo hapo mwanzoni hiyo ilikuwa zamani, miaka ishirini na zaidi imepita. Kwa hivyo ata ukimchukua kijana wa 30 bado utahitaji mwingine wa 18. Hiyo si ya kumkatalia Idris.

Ja_Dunga (Kisumu)

Asante Nyar Yala umenipunguzia kazi. Na piga hesabu uende mbele. Anaanza akikaribia 40, Ikemefuna, yule kijana aliyeletwa alelewe kwake, anakaa miaka 3, baadaye bunduki yake inapasuka kwa mazishi ya mzee Ezeudu na kuua mtu, anatupwa Mbanta miaka 7. Akirudi kijijini kwake Umuofia ni mtu anakaribia 50, amekuta kanisa, korti na jela, na wale alikuwa anategemea watamsimamia hawapo tena. Huyo Okonkwo wa mwisho, aliyechoka na bado hataki kukubali amechoka, Idris anamweza kabisa. Kama ulimwona kwa Beasts of No Nation ya 2015, ule ukomandanti wake wa kuwashika watoto kwa maneno huku akiwamaliza, utajua naongea nini. Wa kusumbua ni Okonkwo wa sehemu ya kwanza, hapo watahitaji kijana mwingine na mieleka ya ukweli, si ile ya kukata kamera kila sekunde mbili.

Kuhusu Uigbo sina ubishi mkubwa na wewe. Wanaija wenyewe walipiga kelele siku hiyo hiyo habari ilipotoka, na naelewa, hata mimi wakimleta mtu wa kwingine acheze Luanda Magere, shujaa wetu Wajaluo, nitawasha moto hapa. Ila staa kama Idris ndiye anafungua mkoba wa pesa. Bila jina lake hii kitu ingekaa kwa droo. Sasa awe mbele, halafu wengine wote, Obierika, Ekwefi, Uchendu, Chielo, wawe watu wa huko.

Mwalimu_Mstaafu (Kakamega)

Vijana hamjambo. Mimi kitabu hiki nimekifundisha miaka mingi na nimeona wanafunzi wakikichukia mwanzoni kwa sababu hii hii anayoisema Ja_Dunga, wanauliza, mwalimu, vita vinaanza lini? Huwa nawaambia vimeshaanza, angalia Nwoye, mwana wa Okonkwo.

Niseme pia kitu kimoja ambacho hamkigusii. Mmesahau tayari iliwahi kuwekwa kwenye televisheni. Mwaka 1987 televisheni ya taifa ya Nigeria, NTA, ilitengeneza tamthilia yake na Pete Edochie akawa Okonkwo, na kwa Wanigeria wengi hadi leo Okonkwo ana sura ya Edochie. Bajeti ilikuwa ya kuhurumiwa ukilinganisha na hizi za siku hizi. Lakini walikaa kijijini. Walikula kola kwa utaratibu wake, mwenyeji akaikabidhi, mgeni akaikataa, wakarudishiana kwanza ndipo ikavunjwa. Huyo Idris akae atazame hiyo kazi yote, asione haya.

Na kabla ya hapo, mapema miaka ya sabini, kulikuwa na filamu iliyochanganya kitabu hiki na kile cha mjukuu wa Okonkwo, Obi, akiwa Lagos. Princess Elizabeth wa Toro wa hapa Uganda jirani alikuwa mmoja wa waigizaji. Wachache waliiona.

Ni kitabu chenye bahati sana kuwa hai hata kidogo. Achebe alikiandika kwa mkono, akatuma nakala hiyo moja tu aliyokuwa nayo kwa watu wa kupiga chapa London, akalipa, halafu kimya. Mwanamke mmoja aliyekuwa bosi wake redioni Nigeria, Angela Beattie, alipokwenda likizo Uingereza ndiye aliyeingia ofisini kwao na kuwauliza kwa ukali kazi ya kijana iko wapi. Kilichapishwa 1958, nakala 2,000 tu. Mwaka 1962 kikawa namba moja katika ule mfululizo wa Heinemann wenye majalada ya rangi ya machungwa mnaoujua, na Achebe mwenyewe akawa mshauri wake. Mwaka huo huo pale Makerere, mwanafunzi mmoja kutoka Limuru alimpa Achebe mswada wake ausome. Mwanafunzi huyo ni Ngũgĩ.

Mtaa_wa_Kaptembwo (Nakuru)

Mwalimu shikamoo. Hiyo ya nakala moja imenitia baridi, mimi ata esei ya shule nilikuwa nafanya bekap.

Omundu_wa_Webuye

Marahaba kwa niaba ya mwalimu hehe. Sasa mimi nataka kumpinga Ja_Dunga kabisa na si kwa utani. Mzungu aje mapema. Unajua kwa nini? Sisi huku tuna kilima cha Chetambe. 1895 Wabukusu walipigwa Lumboka halafu wakapigwa tena Chetambe na jeshi lililoongozwa na Hobley, afisa wa Waingereza, bunduki dhidi ya mikuki, watu wamejifungia ndani ya ngome wamezungukwa. Ukienda hapo na watoto wa siku hizi hawaogopi chochote, wanapiga selfi. Kwa sababu hawajui nini ilikuwa inakuja juu ya wale watu. Kwa tivi ni hivyo hivyo, usipomwonyesha mtazamaji hatari mapema, zile epi nne za kijiji atadhani ni dokumentari ya utamaduni, ya kuonyesha watalii. Mpe mzungu dakika moja tu ya kwanza kabisa, ata mgongo wake tu, halafu rudi kwa viazi vyako. Hapo kila mtu akicheka Umuofia mimi ninayetazama nitaumia, kwa sababu najua.

Ja_Dunga (Kisumu)

Omwami hiyo ni hoja, sitajifanya haijanigusa. Lakini ona, Achebe alijua pia kutia hofu bila kumwonyesha mtu. Mwaka wa pili wa uhamisho Obierika anatembea mpaka Mbanta, amebebewa magunia mawili mazito ya kauri, pesa za viazi vya rafiki yake alivyomuuzia, ona urafiki huo, na ndani ya mazungumzo anatoa habari ya Abame. Ati mzungu alikuja na farasi wa chuma. Wazee wakauliza mungu wao, akawaambia huyu mtu atavunja watu wenu, na wengine wako njiani. Wakamuua. Farasi wake wa chuma wakamfunga kwa mti mtakatifu ili asitoroke kuwaita wenzake. Halafu siku ya soko kubwa watu wamejaa, wakazungukwa, wakapigwa risasi. Abame imeisha.

Hayo yote hatuyaoni. Tunasikia mtu anasimulia wamekaa na mzee Uchendu, mjomba wa Okonkwo, na Uchendu anasaga meno halafu anawalaumu Abame, kwamba usimuue mtu ambaye hajasema kitu. Ukiweka kamera kwa sura za hawa wazee tu, bila kuonyesha soko, mimi nakuhakikishia watu watashika viti. Ukionyesha soko lenyewe na damu, ni epi kama zile zingine zote.

Arap_Kapsabet

Hapo kwa farasi wa chuma nisaidie kidogo kwa sababu wengi hawajui hiyo haikutoka hewani. Novemba 1905 huko Ahiara, nchi ya Waigbo, daktari mmoja Mwingereza aliyeitwa Stewart alikuwa anasafiri kwa baiskeli akauawa, na Waingereza wakatuma kikosi kuadhibu eneo zima. Abame ya Achebe inafanana sana na hiyo.

Sasa angalia kalenda. Oktoba 19, 1905, mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, anapigwa risasi na Meinertzhagen, afisa wa Waingereza, huku Nandi, amekuja kwa mkutano wa amani. Miaka kumi Wanandi walikuwa wamesumbua reli, wakichukua nyaya za simu na vyuma vya reli wanavigeuza mapambo na silaha. Kule wamefunga baiskeli kwa mti, huku wamevaa waya wa simu mkononi. Mimi nikisoma hiyo sura sioni Nigeria kabisa, naona nyumbani. Kwa hivyo @Omundu_wa_Webuye mimi niko upande wako nusu, mzungu atajwe mapema, asikike, ila nakubaliana na Ja_Dunga asionekane. Hata sisi tulimsikia kabla ya kumwona, unabii wa nyoka wa chuma wa Kimnyole, babake Koitalel, ulikuwepo kabla reli haijafika Kisumu 1901.

Omundu_wa_Webuye

Kusikika nakubali. Hapo tumepatana.

Nyar_Yala

Mmemaliza vita vyenu vya wanaume? Haya. Mimi wasiwasi wangu ni Ekwefi, bibi wa Okonkwo, na binti yao Ezinma. Kila mtu hapa anasema mieleka, bunduki, mzungu. Kwangu mimi usiku mkubwa kuliko yote kwa hicho kitabu ni ule Chielo, kuhani wa mungu Agbala, anakuja kumchukua Ezinma, anambeba mgongoni anaenda naye kwa pango la huyo mungu. Ekwefi amezaa watoto kumi, tisa wamekufa, huyu mmoja ndiye amebaki. Anaambiwa asifuate. Anafuata. Giza kabisa, anasikia tu sauti ya Chielo mbele inaita na kusifu mungu wake, anajikwaa, anaogopa Chielo atageuka, na yule anayemfuata si yule Chielo anayekaa naye sokoni kila siku, ni mtu mwingine kabisa ndani ya mwili ule ule. Halafu akifika kwa mdomo wa pango anasimama nje anajiambia akisikia mtoto amelia ataingia apigane na mungu mwenyewe.

Na hapo nyuma yake anasikia mtu, anapiga kelele, kumbe ni Okonkwo na panga. Hajasema neno nyumbani, ameingoja kidogo ili asionekane na haraka, halafu usiku huo ameenda na kurudi huko pangoni mara nne. Huyo mwanaume wa kupiga bibi Wiki ya Amani, wiki ambayo ugomvi ni mwiko, huyo huyo. Ukitaka Okonkwo apendwe usimwongezee maneno, mwonyeshe tu hapo amesimama gizani. Hiyo sini wakiikata ili wapate nafasi ya DC, mimi siangalii tena.

Kitu kingine, lugha. Kwa nini tunakubali tu waongee Kiingereza cha lafudhi? Shōgun ya 2024 ilikuwa sehemu kubwa Kijapani, watu wakasoma maandishi chini ya skrini bila kulia, na ikaondoka na Emmy 18 kwa sizoni moja. Na ile Shōgun ya zamani ya 1980 ilikuwa inakukalisha upande wa mzungu, Wajapani wanaongea na wewe huelewi kitu kama yeye. Sasa si mnaona. Kiigbo kiwe Kiigbo, Kiingereza kije na hao wamishenari, na mkalimani awepo, kwa sababu kitabu chenyewe kinacheka mkalimani ambaye Kiigbo chake si cha hapo, akitaka kusema "mimi" anasema "makalio yangu". Huwezi kufanya huo utani kama kila mtu tayari anaongea Kiingereza.

Mwalimu_Mstaafu (Kakamega)

Nyar Yala, wewe ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote.

Mama_Wawili_Naks

Jameni nafuata hii uzi nikipika na ugali umeungua kidogo, niambieni kama itaonyeshwa wapi nijue mapema.

Mtaa_wa_Kaptembwo (Nakuru)

@Nyar_Yala hiyo ya lugha siwezi bisha. Lakini Idris ataongeaje Kiigbo? Atafundishwa wiki mbili halafu watu wa Enugu wacheke mpaka waanguke.

Nyar_Yala

Ndio umerudi kwa Chiwetel tena 😂 Haya basi hapo umenipata, hoja ya Uigbo inakuwa na nguvu zaidi kama lugha ni Kiigbo. Ja_Dunga jibu.

Ja_Dunga (Kisumu)

Sina jibu zuri. Kwa hiyo mbili, Idris na Kiigbo, nikilazimishwa kuchagua moja nachagua Kiigbo. Prodyusa aniwie radhi.

Lakini turudi kwa Nwoye aliyetajwa na mwalimu kwa sababu hapo ndipo ombi langu linasimama ama kuanguka. Ikemefuna analetwa kama fidia ya mwanamke aliyeuawa, anakaa kwa Okonkwo miaka 3, Nwoye anampenda kama kaka, na Okonkwo mwenyewe anampenda kimyakimya. Mzee Ezeudu anakuja kumwonya, huyo mtoto anakuita baba, usiwe na mkono kwa kifo chake. Wanatoka naye asubuhi, amebeba mtungi wa pombe kichwani, anadhani anapelekwa kwao. Njiani anawaza mamake kama bado yuko hai, anaimba ndani ya moyo kale kawimbo ka utotoni, akitembea kwa mdundo wake, wimbo ukiishia mguu wa kulia mama yuko hai, ukiishia wa kushoto amekufa. Mtu wa nyuma anakohoa. Panga. Anakimbilia kwa Okonkwo akimwita baba. Na Okonkwo anamkata, kwa sababu anaogopa kuonekana mnyonge.

Jioni babake akiingia tu, Nwoye anajua. Kuna kitu kinakatika ndani yake, na kilishawahi kukatika siku aliposikia watoto mapacha wametupwa msituni wakilia ndani ya vyungu. Miaka inapita. Wamishenari wanakuja Mbanta na wimbo wao wa ndugu wawili wamekaa gizani, na Nwoye haelewi Utatu wala nini, wimbo ndio unamwingia. Mzungu hakuvunja hiyo nyumba. Alikuta ufa. Na ufa umechorwa sura nyingi kabla yake, mapacha, osu waliotengwa, mtungi wa Ikemefuna. Ukimleta mzungu epi ya pili, unaondoa ufa, unabaki na hadithi ya watu wazuri waliovamiwa na watu wabaya, na Achebe hakuandika hiyo.

Hata viazi sitaki waviruke. Kijana Okonkwo anaenda kwa Nwakibie kuomba mbegu za kupanda kwa makubaliano ya kubaki na theluthi moja tu ya mavuno, anatarajia 400, anapewa 800, halafu mwaka huo jua linachoma kila kitu na kilichobaki mvua inakiozesha. Mtu alijinyonga shambani mwaka huo. Yeye hakuanguka, na tangu hapo alijiona akiokoka huo mwaka ataokoka chochote. Mkulima yeyote wa Nyando ama Budalang'i, mafuriko leo kiangazi kesho, haitaji kuelezewa hiyo epi.

Arap_Kapsabet

Na mwisho wataufanyaje? Ule wa DC na kitabu chake.

Ja_Dunga (Kisumu)

Hapo sasa ndipo nampa mzungu kamera yote, kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo tumekuwa ndani ya Umuofia. Okonkwo amemkata tarishi wa serikali, amesimama, hakuna aliyemfuata. Amejinyonga, na watu wake mwenyewe hawawezi kumgusa kwa sababu kujiua ni chukizo, lazima wageni wamshushe. Obierika anamgeukia DC kwa hasira, mnyamavu yule. DC anaondoka zake na anawaza kitabu anachoandika, kwamba huyu mtu angetosha sura nzima, hapana, si sura, labda aya moja ya maana. Uishie kwa sura yake akitembea ametulia, ameridhika, akitafuta sentensi. Wakati huo sisi tumekaa epi 8 na huyo mtu wa aya moja. Lakini hiyo itauma tu kama hizo epi za mwanzo zilikuwa za viazi, @Omundu_wa_Webuye unaniona?

Omundu_wa_Webuye

Nakuona, nakuona.

Nyar_Yala

Kabla hatujafunga, mimi nauliza, na Akoko je? The River and the Source ya Margaret Ogola, ilitoka 1994, mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza upande wa Afrika, na ina mwendelezo wake I Swear by Apollo. Vizazi na vizazi vya wanawake, kutoka Yimbo na Sakwa mpaka mjini. Na ona tofauti. Okonkwo akigongana na DC anakufa. Akoko shemeji yake amemnyang'anya kiti cha uchifu cha mjukuu wake, anafunga safari mpaka Kisumu kwenda kumshtaki kwa huyo huyo mzungu, na anasikilizwa. Mnataka siriz? Hiyo hapo, mandhari iko bure, ziwa liko.

Ja_Dunga (Kisumu)

Hiyo fungua uzi wake kabisa nitakuja wa kwanza. Na Akoko nani? Usiniambie Lupita, kila kitu Lupita.

Nyar_Yala

Lupita.

Mama_Wawili_Naks

Ngojeni kwanza. Nyinyi watu mmesema Ikemefuna anakufa, mmesema Okonkwo anajinyonga, mmesema mpaka DC anawaza nini. Mimi nilikuwa nimengojea siriz!

Ja_Dunga (Kisumu)

Mama Wawili pole, lakini kitabu kimetoka 1958.

Mama_Wawili_Naks

1958 hata mamangu alikuwa hajazaliwa. Mngeandika juu kwamba mnaharibu. Ezinma naye anakufa? Ama hapana, msinijibu, Jumamosi nashuka tao kukitafuta.